Noti Zimeteleza? Jinsi ya Kunyoosha Mapigo ya Rekodi ya MIDI Kwenye Sikwensa ya Kinanda

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wapiga kinanda wa makanisani na wa studio ndogo za mitaani hapa Nairobi ni yale yale. Mtu amerekodi pambio vizuri tu, akasikia besi inachelewa kidogo, akafungua menyu, akachagua traki zote (kila traki ni chombo kimoja kilichorekodiwa), akabonyeza QUANTIZE kwa 1/16, yaani robo ya pigo. Wimbo ukatoka mbaya kuliko ulivyoingia: ngoma inachechemea, gita limekuwa kavu, na noti ya kwanza kabisa haisikiki tena.

Kinanda hakina kosa. Kukwantaizi ni kuiambia mashine ivute kila noti hadi kwenye mstari wa gridi ulio karibu nayo. Mashine haijui ulikusudia nini; ni kama kondakta anayesukuma abiria kwenye kiti cha karibu bila kumuuliza anashukia wapi. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya kubonyeza kitufe hicho, na katika mwongozo huu hutakigusa mpaka hatua ya 7, isipokuwa kwa majaribio madogo kwenye nakala.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Kinanda chenye orodha ya matukio. Huu ni ukurasa unaoonyesha kila noti, mahali ilipo, urefu wake na nguvu yake. Vinanda vingi huuita EVENT LIST, EVENT EDIT au STEP EDIT. Kama chako hakina, toa wimbo kama faili ya MIDI (faili ya amri za noti, si ya sauti) na ufanye kazi hii kwenye kompyuta; hatua ni zile zile.
- Hedifoni za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti. Ukisikiliza kliki, yaani mlio wa kuhesabu mapigo, kupitia hizo utachelewa pia, halafu utalaumu vidole.
- Flashi. Vinanda vingi hupoteza wimbo ambao haujahifadhiwa mara stima inapokatika, na stima ya huku haipigi hodi.
- Karatasi na kalamu. Utaandika namba.
- Waya wa USB wa kinanda chako, ukitaka kuhamia kwenye kompyuta. Kwa kinanda cha zamani chenye matundu ya duara ya MIDI, nunua kigeuzi cha MIDI hadi USB. Vifaa vya aina hii utavitafuta Luthuli Avenue, lakini nenda na kinanda au omba kukijaribu hapo hapo dukani. Vya bei ya chini kabisa vina tabia ya kumeza noti unapopiga kodi nene, yaani noti nyingi kwa pamoja.

## Hatua ya 1: Hifadhi nakala, kisha ujue tiki zako

Hifadhi wimbo kwa jina jipya kabla ya kugusa chochote. Kitufe cha UNDO kipo, ila kwenye vinanda vingi kinarudisha hatua moja tu, na kinanda kikizimwa kinasahau yote.

Sikwensa, yaani sehemu ya kinanda inayorekodi na kucheza traki zako, hugawa kila pigo katika vipande vidogo, yaani tiki. Kuna vinanda vinavyotumia tiki 96 kwa pigo, vingine 480, vingine 960 au 1920. Bila kujua idadi hii, namba za kwenye orodha hazitakuambia kitu.

Kama huna kitabu cha kinanda, fanya jaribio hili. Kwenye nakala ya pembeni, rekodi noti kadhaa za haraka, zikwantaizi kwa 1/8, kisha fungua orodha. Noti zitakuwa kwenye 000 au kwenye namba moja nyingine. Hiyo namba ya pili ni nusu ya pigo. Ukiona 240, una tiki 480. Ukiona 960, una 1920.

Mifano yangu yote inatumia tiki 480 na tempo ya 100, yaani mapigo 100 kwa dakika. Kwa tempo hiyo pigo moja huchukua milisekunde 600, kwa hiyo tiki moja ni milisekunde 1.25. Kwa tempo nyingine gawanya 60,000 kwa tempo, kisha gawanya jibu kwa tiki zako.

## Hatua ya 2: Hakikisha ulirekodi ukifuata kliki

Washa kliki, cheza wimbo, sikiliza baa (makundi ya mapigo) za kwanza na za mwisho. Kama mwanzoni uko pamoja na kliki na mwishoni kila mtu anaenda njia yake, acha. Gridi ya kinanda haina uhusiano wowote na ulichopiga, na kukwantaizi kutatawanya noti ovyo.

Hapo una njia mbili. Rekodi upya kwa kliki, au peleka faili kwenye programu ya kompyuta kama Cubase au Logic inayoweza kuifanya gridi ifuate mchezo wako. Mimi huwashauri watu warekodi upya. Wimbo wa dakika nne hurekodiwa haraka kuliko unavyookolewa.

Kama tempo inakushinda, ishushe wakati wa kurekodi na uirudishe baadaye. MIDI haihifadhi sauti, inahifadhi amri tu: noti gani, imebonyezwa lini, kwa nguvu gani, imeachiliwa lini. Kupandisha tempo hakubadilishi sauti wala ufunguo. Lakini usishushe mno. Mdundo unaopigwa polepole sana hupoteza mwendo wake, na ukiupandisha tena unasikika kama mtu anayesoma kwa kuhesabu herufi.

## Hatua ya 3: Soma orodha kabla ya kutibu

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo wimbo huokoka. Fungua orodha ya traki moja tu, anza na besi. Kila noti ina anwani ya namba tatu: baa, pigo, tiki. Andika anwani za noti nne au nane zinazopaswa kuwa juu ya pigo.

Tuseme umeona hivi:

1:1:022
1:2:019
1:3:025
1:4:021

Noti zote zimechelewa, na zimechelewa karibu sawa. Mkono wako uko imara. Traki nzima ndiyo imekaa nyuma kwa takriban tiki 22, yaani milisekunde 27 na nusu. Traki hii haihitaji kukwantaiziwa. Inahitaji kusogezwa tu.

Sasa tuseme umeona hivi:

1:1:004
1:1:463
1:3:031
1:3:448

Soma taratibu. Anayeanza huona 463 na kudhani noti imechelewa vibaya sana. Kumbe hiyo ni noti ya pigo la pili iliyowahi: 480 toa 463 ni 17, imetangulia kwa tiki 17. Vivyo hivyo 1:3:448 ni noti ya pigo la nne iliyowahi kwa tiki 32. Ile ya pigo la tatu imechelewa kwa 31. Huku mkono unayumba, mbele na nyuma, na hapa ndipo kukwantaizi kuna kazi.

Kuna muundo wa tatu: 1:1:010, 2:1:060, 3:1:130, 4:1:210. Kuchelewa kunakua baa kwa baa. Hukufuata kliki, rudi hatua ya 2.

Angalizo moja kuhusu masikio. Noti iliyopigwa kwa nguvu ndogo husikika kama imechelewa hata ikiwa juu ya mstari kabisa. Kabla ya kuhukumu, angalia nguvu yake kwenye orodha, ambayo huenda 1 hadi 127. Kama jirani zake ziko 90 na yenyewe iko 35, ipandishe hiyo nguvu na usikilize tena. Mara nyingi ugonjwa huishia hapo.

Ukimaliza hatua hii, kila traki iwe na neno moja kando yake kwenye karatasi: “sogeza”, “kwantaizi”, “mkono” (utaitengeneza noti kwa noti) au “acha”.

## Hatua ya 4: Sogeza traki zilizochelewa sawasawa

Tafuta amri ya kusogeza traki, mara nyingi SHIFT au MOVE, uingize -22. Noti zetu nne zitabaki na tofauti za tiki tatu au chini, chini ya milisekunde 4. Hakuna mshirika atakayeisikia.

Tahadhari. Noti iliyo 1:1:005 haiwezi kurudi nyuma kwa tiki 22, kwa sababu kabla ya baa ya kwanza hakuna mahali pa kukaa. Vinanda vingine huifuta, vingine huibana mwanzoni pamoja na amri za kuchagua sauti, ikatoka na sauti isiyo yake. Ndiyo ile noti ya kwanza inayopotea. Ingiza baa moja tupu mwanzoni mwa wimbo, kwenye traki zote, kabla ya kusogeza chochote.

Traki za nyuzi (STRINGS, sauti za kundi la vayolini) na sauti nyingine zinazopanda taratibu ziache. Mpigaji mzuri huwahi kidogo ili sauti ijae pigo linapofika. Kwenye skrini ataonekana amekosea, kwenye spika yuko sawa. Ukimrudisha kwenye mstari, nyuzi zitasikika zikiburuta miguu.

## Hatua ya 5: Ondoa takataka

Kila kidole kinachogusa kitufe cha jirani huacha noti fupi, dhaifu. Zitafute kwenye orodha: urefu wa tiki chache, nguvu chini ya 20 au 25. Zifute.

Fanya hivi kabla ya kukwantaizi. Leo noti hiyo imejificha kando ya noti halisi. Ikivutwa kwenye mstari itapiga pamoja nayo, na kodi safi itapata sauti ya ziada usiyojua imetoka wapi. Tafuta pia noti ile ile iliyoandikwa mara mbili karibu karibu. Hutokea sana ukirekodi juu ya traki bila kufuta ya zamani.

## Hatua ya 6: Chagua gridi inayolingana na mdundo

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na karibu kila wimbo ulioharibika niliotumiwa uliharibikia hapa.

Hesabu pigo linavyogawanyika. Piga makofi kwenye mapigo makubwa, kisha tamka migawanyo yake kwa mdomo. Ukipata “ta-ka-ta-ka”, vipande vinne sawa, gridi yako ni 1/16. Ukipata “ta-ka-ta, ta-ka-ta”, vipande vitatu, uko kwenye mwendo wa tatu-tatu. Mapambio mengi ya polepole ya kuabudu yako huku, na chakacha ya Pwani pia.

Tazama kinachotokea ukikosea. Kwa mwendo wa tatu-tatu kwenye 4/4, noti tatu za pigo ziko 000, 160 na 320. Umbali kati yake ni 160, 160, 160. Mistari ya gridi ya 1/16 iko 000, 120, 240 na 360. Mashine itavuta 160 hadi 120, na 320 hadi 360. Sasa umbali ni 120, 240, 120. Ndiyo ile ngoma inayochechemea, na sasa unajua mguu gani umevunjika.

Ukichagua 1/8 ni balaa zaidi. Mistari iko 000 na 240 tu, kwa hiyo noti ya 160 na ya 320 zote zinaangukia 240. Noti mbili zimekuwa moja.

Gridi sahihi hapo ni 1/8 ya tatu-tatu, ambayo skrini nyingi huiandika 1/8T au 1/8 yenye namba 3 ndogo. Kama wimbo ulianza kwa kuweka kinanda kwenye 6/8 au 12/8, basi 1/8 ya kawaida ndiyo sahihi, kwa kuwa mashine yenyewe inahesabu tatu-tatu.

Benga ni ya kuangaliwa kwa makini. Msingi wake mara nyingi utakaa kwenye 1/16, lakini gita la solo lina noti za kupambia zinazoingia upesi kati ya mistari. Gridi ya 1/16 itazisukuma juu ya noti kuu na utapoteza kile kinachomfanya mtu asimame kitini. Weka gita hilo kwenye kundi la “mkono”.

Vipi wimbo wenye mdundo ulio kati ya mbili na tatu? Huko ndiko kwenye SWING, mpangilio unaochelewesha kila noti ya pili kidogo. Kwenye vinanda vingi 50 ni mwendo ulionyooka na karibu 66 ni tatu-tatu kamili; vingine huanza kuhesabu kutoka 0, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye hai-hati (matoazi mawili ya ngoma) peke yake. Kati ya 54 na 60 pana utamu mwingi.

Utajua umepata gridi sahihi ukikwantaizi traki ya ngoma kwenye nakala na mdundo ukabaki ule ule, msafi zaidi. Ukisikia wimbo umegeuka kuwa mwingine, gridi si hiyo. Bonyeza UNDO.

## Hatua ya 7: Sasa kwantaizi, traki kwa traki

Usiwahi kuchagua traki zote kwa pamoja. Chagua moja, weka gridi ya hatua ya 6, kisha weka STRENGTH, yaani kiasi cha kuvuta. Kwa asilimia 100 noti hufika mstarini kabisa. Kwa asilimia 60, noti iliyochelewa kwa tiki 40 hubaki imechelewa kwa 16: imenyooka, lakini bado ni mtu anayepiga.

Viwango ninavyoanzia:

- Kiki (ngoma kubwa ya mguu) na sneya (ngoma ndogo kali): 90 hadi 100.
- Besi: 85 hadi 100, na isiwahi kamwe kutangulia kiki.
- Kodi za piano au ogani: 60 hadi 75.
- Melodi na solo: 40, au usiguse.
- Nyuzi: acha.

Besi na kiki zikishakubaliana, vingine vyote vina uhuru mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Zisipokubaliana, hata melodi iliyonyooka kama rula haitaokoa wimbo.

Kama kinanda chako hakina STRENGTH, kinavuta kwa asilimia 100 tu. Basi kwantaizi ngoma na besi, na kingine chote kitengeneze kwa mkono. Zima pia kukwantaizi kwa wakati wa kurekodi, kwa sababu huko mchezo wako wa asili hauhifadhiwi kabisa na huna pa kurudi.

Tahadhari mbili. Kwanza, noti iliyo mbali zaidi ya nusu ya gridi itavutwa mstari usio wake. Kwenye 1/16 nusu ni tiki 60. Noti iliyowahi kwa 65 itarudi nyuma hadi mstari uliotangulia. Noti kama hizo zirekebishe kwa mkono kwanza. Pili, ukirekodi kipande kinachojirudia, noti iliyopigwa mwishoni kabisa kwa nia ya kuwa pigo la kwanza la mzunguko unaofuata inaweza kuvutwa nje ya kipande ikanyamaza. Ihamishie mwanzoni.

## Hatua ya 8: Noti za mkono

Rudi kwenye orodha, cheza baa mbili mbili, na usimamishe pale tu sikio linapokwaruzwa. Badilisha namba ya tiki, sikiliza, endelea. Usitafute 000 kila mahali; ukiitoa noti kwenye 044 ukaifikisha 012, inatosha.

Kodi zinazoiga gita lazima zibaki zimetawanyika. Nyuzi za gita hupigwa moja baada ya nyingine, kwa hiyo noti nne za kodi zinaweza kukaa 000, 008, 015 na 023. Zikilala zote kwenye 000 unapata ogani yenye sauti ya gita. Sogeza kundi zima kwa pamoja na uache nafasi kati yake kama zilivyo.

## Hatua ya 9: Urefu wa noti na pedali

Amri nyingi za kukwantaizi husogeza mwanzo wa noti na kuacha urefu wake vile vile. Kwa hiyo noti iliyosukumwa mbele humalizika baadaye pia. Ikiwa inayofuata ni noti ile ile, amri ya kuachilia ya kwanza inaweza kuikata ya pili katikati. Ukisikia noti ya besi inayojirudia ikikatika ghafla, fupisha iliyoitangulia kwa tiki 20 au 30.

Pedali ni tukio lake lenyewe kwenye orodha, kontrola namba 64. Thamani ya 64 kwenda juu ni kukanyaga, 63 kwenda chini ni kuachilia. Mara nyingi noti zinapovutwa pedali hubaki ilipokuwa, na kodi ya C inaanza kuvuja ndani ya kodi ya F. Weka tukio la kuachilia pale kodi mpya inapoanza, na la kukanyaga tiki 30 hadi 60 baada yake. Hakikisha pia mwisho wa wimbo una tukio la kuachilia, la sivyo kodi ya mwisho itaendelea kulia mchungaji akiomba.

## Hatua ya 10: Sikiliza, kisha toa faili

Funika skrini. Sikiliza mara moja kwa sauti ndogo, mara moja kwenye spika kubwa, na mara moja na besi na ngoma peke yake. Linganisha na nakala ya hatua ya 1. Kama ya zamani ina raha zaidi mahali fulani, nakili baa hizo na uzirudishe.

Toa wimbo kama faili ya MIDI. Aina 0 huweka kila kitu kwenye traki moja na hukubaliwa na karibu kila kinanda. Aina 1 hutenganisha traki na inafaa kwa kompyuta. Weka zote mbili kwenye flashi. Kisha ifungue ile ya aina 0 kwenye kinanda kitakachotumika, Jumamosi wakati wa mazoezi, ukichunguza baa ile tupu ya mwanzo: sauti zote ziwe zimeshachaguliwa kabla ya noti ya kwanza kupigwa.